Vita Alivyovikana Baba

Mwalimu wangu wa historia wa darasa la saba bado yu hai, na sitaanza kwa kumwombea mema. Watu wa kanisani hunisihi nimsamehe, hasa ile Jumapili ya ushuhuda, na mimi huwajibu kwamba nitamsamehe nikishamaliza naye. Kazi hiyo niliianza nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Shule yetu ilikuwa juu ya mgongo wa kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Kikima. Mwalimu huyo hakuwa mgeni. Alizaliwa ng'ambo ya bonde letu, akasomeshwa na wamishonari, akaturudia na soksi nyeupe za kufika magotini na kaptula iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mboga. Alitufundisha historia ya dunia kwa Kiingereza, kutoka kwenye daftari kubwa la jalada gumu aliloliandika mwenyewe alipokuwa chuoni. Kitabu hatukuwa nacho. Yeye alisoma, sisi tukaandika. Alisoma hata alama: koma, nukta, aya mpya. Kesho yake tulisimama mmoja mmoja kuyasema yale maneno kwa kichwa, na aliyepoteza neno moja alipiga magoti kwenye changarawe nje ya mlango hadi kengele ilie.

Kwa njia hiyo nilimjua mfalme wa Uingereza aliyeoa wake sita, na nikajua ni wangapi kati yao waliokatwa vichwa. Nilimjua mzungu aliyeugundua mlima ambao nyanya yangu aliuona kila asubuhi isiyo na ukungu akienda mtoni. Sikuona shida yoyote. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na mtoto wa kwanza haulizi maswali, yeye kazi yake ni kusifiwa.

Halafu tukafika Vita vya Pili vya Dunia. Daftari lilisema upande huu walikuwa Wajerumani, Waitaliano na Wajapani, na upande ule Waingereza, Wafaransa, Warusi na Wamarekani. Sababu zilikuwa nne. Mwisho kulikuwa na sentensi moja kwamba makoloni yalisaidia. Nukta.

Sasa, baba yangu alikuwa Keya, yaani askari wa mkoloni, na alipelekwa Burma. Lakini hakuwa mtu wa kukaa kitini na kusimulia. Ukimkuta amepumzika ukamuuliza habari za vita, angekujibu kwamba kulikuwa na mvua. Baba alisimulia akiwa na jembe mkononi tu. Siku hizo kila boma pale kwetu lilikuwa likichimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuchimba na kurusha udongo upande wa mlimani ili mvua isibebe shamba. Siku za mwethya watu wote wa kilima walikuja kusaidiana, na siku hizo baba alinyamaza. Jumamosi tulipokuwa wawili tu, yeye akichimba na mimi nikirusha, maneno yalitoka. Alinieleza juu ya ruba waliowanyonya miguuni hata buti zikajaa damu. Alinieleza juu ya nyumbu waliokatwa sauti ili wasilie na kuwafichua kwa adui, na jinsi alivyomwonea huruma nyumbu kuliko mtu. Kila Jumamosi alinipa kipande kimoja, na mtaro ulipokwisha naye alikoma kusimulia.

Jumamosi moja alifika kwenye mto mpana sana. Walikuwa wamefunga mianzi wavuke, yeye na rafiki yake mmoja mtu wa Kitui, na ng'ambo hapakuwa na mlio wowote. Hapo akaweka jembe chini, akasema mengine wiki ijayo. Wiki hiyo nilitembea na ule mto kichwani kila mahali.

Ndiyo maana mwalimu alipotuambia tuandike kwa kichwa waliopigana, niliyaandika yote ya daftari lake, koma na nukta, kisha chini nikaongeza mstari mmoja kwamba baba yangu pia alipigana, huko Burma. Nilidhani nitasifiwa.

Mwalimu alimwita baba shuleni. Baba alikuja Jumatano amevaa koti lake la kanisani, na mwalimu akamkalisha ofisini kwa muda kabla ya kumleta darasani. Akamsimamisha mbele ya ubao. Hakumpa kiti.

"Mzee, vita vilianza mwaka gani?" akamuuliza.

Baba alifikiri. "Ni ule mwaka serikali ilitaka kutupunguzia ng'ombe," akasema, "wazee wakatembea hadi Nairobi kukataa. Baada ya hapo ndio tuliitwa."

Mwalimu akatugeukia akatuuliza kama huo ni mwaka. Tukajibu kwa pamoja, kama tulivyozoeshwa, "No, sir." Na mimi nilijibu. Akamuuliza mji mkuu wa Burma, baba akasema hakuupitia. Akamuuliza jina la jenerali wake, baba akasema yeye alimjua sajini. Watoto walikuwa wanacheka sasa, hata wale ambao baba zao hawakuwahi kufika Machakos.

"Basi waambie hawa watoto ukweli," mwalimu akasema. "Ulikuwa huko?"

Baba aliniangalia. Mimi nilikuwa dawati la mbele, na nilikuwa nimekaza ngumi nikingoja amwage yote: ruba, nyumbu, mianzi, mto.

"Sikuwa huko," akasema.

Mwalimu alinipa wino mwekundu na rula nifute ule mstari mwenyewe, mbele ya baba. Nikaufuta. Baba akaaga kwa heshima akaenda zake.

Jumamosi tulichimba bila neno. Nilimuuliza walivuka vipi ule mto, akaniambia nichimbe. Jumamosi iliyofuata vivyo hivyo. Hakusimulia tena mwaka ule wala mwaka uliofuata, na mimi nilikuwa na hasira mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu, na hiyo niliitunza vizuri. Ya pili ilikuwa ya baba, kwamba mwanamume aliyepigana na Wajapani aliogopa mtu wa soksi nyeupe. Nilimdharau. Nasema wazi kwa sababu nilifanya hivyo wazi: niliacha kumpelekea chai shambani, nikamwachia ndugu yangu kazi hiyo.

Nilifaulu mtihani, nikaenda sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ualimu, na nikachagua historia kwa makusudi. Wenzangu walichagua somo kwa kulipenda. Mimi nililichagua kama mtu anavyochagua fimbo. Nilipopewa shule ya kwanza, huko Kanyangi, niliapa kwamba darasani kwangu hakuna atakayemwimlia mwenzake nukta, na nilipowakuta watoto wakikariri niliwachapa. Ndiyo, naona kichekesho chake.

Baadaye nilihamishiwa Makindu, na huko ndiko nilikopata silaha. Makindu ni mji wa njiani. Malori ya kwenda na kutoka Mombasa yanasimama pale, na kwenye hekalu la Kalasinga msafiri yeyote hula bure, awe mtu gani. Mimi nilikuwa nikitoka kanisani Jumapili napita pale nakula chapati na dengu, na kila niliyeketi naye sakafuni nilimwomba kitu kimoja: akirudi tena, aniletee kitabu cha historia ambacho mtoto wake amemaliza nacho. Walinicheka, lakini walileta. Dereva wa Arusha alileta cha Tanzania. Mhabeshi mmoja aliyekuwa akiendesha lori la chumvi alileta cha kwao na akakaa kunitafsiria. Mama mmoja mwalimu kutoka India, aliyekuja kumtembelea nduguye, alinitumia cha darasa lake. Kijana Mmarekani aliyekuwa akijitolea kufundisha hesabu kwetu alinipa cha shule yake ya nyumbani. Cha Uingereza hakikuwa na shida kupatikana.

Nilivipanga mezani, vyote vikiwa wazi kwenye vita vile vile. Cha Uingereza kilianza vita pale Wajerumani walipoingia Poland. Cha Marekani kikaanza miaka miwili baadaye, meli zao zilipolipuliwa. Yule Mhabeshi alinionyesha kwa kidole kwamba kwao vilianza kabla ya hao wote, siku Waitaliano walipoingia nchini kwake na dunia ikanyamaza. Cha India kilisema habari za Burma kwa urefu, na humo Wahindi walikuwa pande zote mbili, wengine wakipigana ili kumfukuza Mwingereza. Cha Tanzania kilikuwa na aya kuhusu askari waliorudi nyumbani wakiwa wamemwona mzungu akifa kwa risasi kama mtu mwingine. Kila nchi ilikuwa imeanza vita pale vilipoigusa, na ikaandika hapo mwaka, na mtoto wake akikosa huo mwaka anapata sifuri.

Niliketi pale nikalia kwa hasira. Baba alikuwa amefanya vile vile. Vita vilianza pale vilipomgusa, ule mwaka wa ng'ombe. Mwalimu alimcheka kwa swali ambalo vitabu vya dunia havikukubaliana jibu lake, na hakujua, kwa sababu alisoma daftari moja maisha yake yote. Nilivifunga vile vitabu kwenye sanduku la bati nikangoja zamu yangu.

Ilikuja katikati ya miaka ya themanini, mfumo wa elimu ulipobadilishwa. Silabasi mpya ya historia ilisema mwalimu afundishe pia kutokana na masimulizi ya wazee, na walimu wa zamani wakaitwa kwenye kozi wakati wa likizo. Wakufunzi tulikuwa wachache, na mimi nikapangiwa kozi ya Kikima. Niliisoma orodha ya majina, na jina lake lilikuwamo.

Alikuwa amezeeka. Soksi zilikuwa zile zile. Alikaa nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga mbao zake, na hakunitambua, maana nilikuwa nimeolewa na jina limebadilika. Siku ya pili nilitoa kazi ambayo cheti kilitegemea: kila mwalimu aende kwa mzee mmoja, apate ushuhuda wake wa tukio la dunia, na mkufunzi awepo kusikiliza na kutoa alama. Wazee niliwagawa mimi. Wake nilimwandikia kwenye karatasi, nikaikunja, nikampa mkononi. Aliifungua akasoma jina la baba. Kisha akaniangalia muda mrefu, na nikaona nimetambuliwa, na nasema kweli kwamba siku ya arusi yangu sikufurahi hivyo.

Tulikwenda pamoja. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba akikoboa mahindi ya kupika muthokoi. Alimpa mwalimu kiti, kile ambacho yeye hakupewa. Mwalimu akatoa kalamu.

"Mzee," akasema, "nimekuja unisaidie. Ulikuwa vitani, Burma?"

"Hapana, mwalimu," baba akasema kwa upole. "Mimi sikuwa huko. Wewe si unajua."

Akaendelea na mahindi yake. Mwalimu aliuliza kwa njia nyingine, na nyingine tena, na jibu lilikuwa lile lile, bila ukali. Mimi nilikuwa na fomu kwenye magoti. Niliandika kwamba ushuhuda haukupatikana, nikatia sifuri, nikamwonyesha. Akasema, "Sawa, mwalimu," akanishukuru.

Bila cheti hakuruhusiwa kufundisha somo lile tena. Mwalimu mkuu wake alimpa Kilimo. Miaka yake mitatu ya mwisho kazini, yule mtu wa wafalme na majenerali aliimaliza kwenye shamba la shule akiwaonyesha watoto nafasi ya kuacha kati ya mistari ya mahindi. Nilimpelekea salamu kupitia kwa mwalimu mkuu, kumuuliza soksi zinaendeleaje.

Nilidhani baba sasa atanisimulia. Nilimwambia jioni ile ile kwamba tumemlipa, akaniuliza nani amemlipa nani. Nikamwomba anivushe ule mto. Akasema mahindi yanataka kupepetwa. Niliendelea kuja kila likizo na sukari, majani ya chai na kalamu, nikaketi naye, na kila mara kulikuwa na mvua Burma, basi. Vibarua wa kuchimba mitaro niliwaleta mimi ili asiumie mgongo. Niliona kwamba nimekuwa binti mwema.

Pasaka moja mke wa ndugu yangu, aliyekuwa akiishi pale nyumbani, aliniuliza kama najua baba ana mgeni wa Jumamosi. Sikujua. Akaniambia kwamba yule mwalimu amekuwa akija mwaka mzima na jembe lake mwenyewe, wanashuka na baba hadi mitaro ya chini, na kwamba kutoka jikoni husikia sauti ya baba tangu asubuhi hadi saa sita.

Nilishuka. Mwalimu hakuwepo siku hiyo. Nilimuuliza baba ni kweli, akakubali. Nikamuuliza ni kwa nini yeye, kati ya watu wote wa dunia, na kwa nini si mimi.

"Yeye anachimba," baba akasema. "Wewe unatuma watu."

Ningeshika jembe pale pale mambo yangekwisha. Jembe lilikuwepo, limeegemea ukingo wa mtaro. Lakini nilikuwa na viatu vya Pasaka na hasira ya miaka ishirini, na nilimwambia baba kwamba kama ameamua kumpa adui yangu, ampe yote. Nikarudi Makindu. Baba akafa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Pale kaburini mwalimu alirusha udongo pamoja na vijana mpaka mwisho, akaondoka bila kula.

Kwa hiyo mtu niliyemchukia kuliko wote ndiye pekee aliyejua baba yangu alivuka mto vipi. Nilikaa miezi minne nikijiambia kwamba naweza kuishi bila kujua. Halafu nikavuka bonde. Nilimkuta shambani kwake, ndani ya mtaro, miguu mitupu. Nilimwambia nimekuja kuchukua daftari la habari za baba, kwa sababu nilikuwa na hakika ameandika, yule aliyeandika hata nukta.

"Sikuandika," akasema. "Tulikuwa na majembe mkononi, tungeandika na nini?"

Akanisogezea jembe la pili. Nilitaka kumpiga nalo. Nilivua viatu nikaingia.

Nilichimba mtaro wa mtu yule Jumamosi tatu, na nilimchukia kila niliposhusha jembe, na yeye alijua na hakuharakisha. Alisimulia vizuri. Alikuwa amechukua hata namna ya baba ya kunyamaza kabla ya jambo baya. Ule mto waliuvuka. Yule rafiki wa Kitui hakufika ng'ambo, na baba ndiye aliyemshika mkono hadi akamwachia. Baada ya vita alikwenda Kitui kwa miguu kumtafuta mama wa rafiki huyo amweleze, na yule mama alikuwa ameshakufa, kwa hiyo alirudi na habari hizo na akazifukia shambani kwetu, kidogo kidogo.

Jumamosi ya tatu tulipofika mwisho wa mtaro mwalimu hakuondoka. Aliketi kwenye ukingo, akaangalia miguu yake.

"Kuna moja baba yako hakunisimulia," akasema, "kwa sababu nilikuwepo."

Nikamwambia aseme.

"Siku ile ofisini, fomu yako ya mtihani ilikuwa mezani. Nilimwambia akishikilia maneno yake mbele ya darasa, nitaichana, na mwaka huo hutafanya mtihani. Alishika koti lake akauliza, na nikisema sikuwa huko? Nikamwambia, basi naiweka kwenye bahasha mbele yako. Akaniambia nitangulie kuiweka, ndipo tuingie. Nikaiweka. Tukaingia."

Nilisimama ndani ya ule mtaro na jembe mikononi. Mwalimu alikuwa ananitazama, na nadhani alikuwa tayari kwa lolote, maana hakurudi nyuma. Miaka yote nilikuwa nimemwekea mahali pa kwanza katika hasira yangu, na alistahili, alichosema kilimwongezea. Yeye yuko, na Jumamosi ni nyingi. Lakini nilimkumbuka baba mbele ya ubao akiniangalia, mimi nikiwa nimekaza ngumi nikimngoja awe shujaa, na kumbe alikuwa ananiangalia akijikana ili mimi nisome. Nilimnyima chai kwa ajili ya hilo. Huyo sina pa kumpata sasa, na hakuna mtu mwingine wa kulipiziwa kisasi chake isipokuwa mimi.